Kingsley wote si wa Kingsley

Nimeandikiwa tena. Safari hii ni mtu aliyeko Marekani: kazini kwake yupo Mmarekani mweusi wa Florida, jina lake la ukoo Kingsley, "kwa hiyo ni kitukuu cha Zephaniah Kingsley, yule mwenye mashamba ya watumwa, nitengenezee mti wa ukoo nimfurahishe." Jamani. Jina si nasaba.

Zephaniah Kingsley alizaliwa Bristol mwaka 1765, akakulia Charleston. Baba yake alifukuzwa huko 1782 kwa kumuunga mkono mfalme wa Uingereza, ukoo ukahamia Kanada. Mwana akageuka mfanyabiashara wa watumwa, akawa anabadili uraia kama kanzu: Marekani, Denmark, halafu 1803 Hispania, maana Florida ilikuwa yao. Hayo mtayasoma popote.

Mimi naanzia 1806. Mwaka huo alinunua Havana msichana wa Kiwolof kutoka Senegal, Anta Majigeen Ndiaye, miaka 13. Yeye alishapita 40. Wapo wanaoyaita mapenzi. Mimi nasoma umri, nasoma neno "alinunua", nafungua hati inayofuata. Hiyo ni ya 1811: anamwacha huru Anta, ambaye sasa anaitwa Anna, pamoja na watoto wao watatu, George, Martha na Mary. Miaka miwili baadaye Anna ana shamba lake na watumwa wake 12. Ndiyo, wake. Nikifika hapo wengi huacha kunijibu.

Msomaji wa pwani naye ananikatiza: "Aa, suria!" Hapo ndipo subira inaponiishia. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria, baba akimkubali, huzaliwa huru na hurithi sawa na watoto wa mke. Mama hauzwi tena, na bwana akifa anakuwa huru. Florida mtoto alifuata hali ya mama. George alizaliwa mtumwa wa baba yake mzazi, na bila ile karatasi ya 1811 shangazi yake angeweza kumrithi pamoja na ng'ombe. Je, Anna alikuwa mke? Hati ya ndoa sijapata kuiona. Kwenye wasia wake Kingsley anasema ndoa ilifuata mila ya Afrika, si ya Kikristo. Ni neno la mwanamume juu ya nafsi yake, tena alikuwa na wanawake wengine waliomzalia. Naandika "mke", lakini kalamu hainyooki.

Marekani ilipochukua Florida 1821 sheria zikaanza kubana watu weusi huru, na katika miaka ya 1830 Kingsley akahamishia familia Haiti. Alifia New York 1843, na shangazi kweli akajitokeza: dada yake Kingsley, Martha McNeill, na jamaa wengine walipinga wasia kwamba watu wa damu nyeusi hawana haki ya kurithi. (Bibi huyo ni mama wa yule mama wa nguo nyeusi kwenye picha maarufu aliyochorwa na mwanawe, mchoraji James Whistler. Mti wa ukoo una vituko.) Anna alirudi kutoka Haiti 1846 kupigania mali, mahakama ikamkubalia: mkataba wa Marekani na Hispania ulilinda haki za waliokuwa huru tangu enzi za Wahispania. Tarehe ya karatasi ndiyo iliyomwokoa.

Sasa hilo jina. Mabinti wa Anna: Martha aliolewa na Baxter, Mary akaolewa na Sammis, wote wazungu. Damu ikapitia kwa mabinti, jina likabaki nyuma. Kitukuu mmoja wa Anna, Mary Sammis, aliolewa na A. L. Lewis wa kampuni ya bima ya Afro-American Life, aliyeanzisha ufuko wa American Beach mwaka 1935. Kitukuu wa Lewis huyo ni Johnnetta Cole, mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza chuo cha Spelman, 1987. Nionyesheni Kingsley hapo.

Upande wa pili, aliyekuwa mtumwa aliweza kubeba jina la bwana bila tone la damu yake. Sensa za 1850 na 1860 zilihesabu watumwa kwa umri, jinsia na rangi. Jina lililoandikwa ni la mwenye mali.

Na kabla hamjauliza: ndiyo, kati ya watumwa wake wa mwanzo walikuwamo waliotajwa kuwa wa Zanzibar. Ingenipendeza kushangilia, ila neno hilo huenda ni la bandari waliyopakiwa, si la kwao. Wanaweza kuwa Wamakua, wanaweza kuwa Wayao. Msiniletee mababu wa Makunduchi, Unguja.

Kwa hiyo, ndugu uliyeniandikia: muulize mwenzako jina la mama yake, la mama wa mama yake, na walikuwa kaunti gani kwenye sensa ya 1870, ya kwanza kuwaandika waliokuwa watumwa kwa majina yao. Hilo la Kingsley tutalitazama mwisho.