Jojoba ni ya kupaka, si dawa: ushauri kwa wanunuzi wa Mombasa

Malalamiko tunayopokea sisi wakaguzi wa bidhaa kuhusu mafuta ya jojoba yameongezeka, na mengi yanafanana. Mtu amenunua chupa ndogo ya dropa kwa mchuuzi sokoni Kongowea, au kupitia kundi la WhatsApp, akapaka usoni, na baada ya siku chache uso umejaa vipele. Akiulizwa lebo inasema nini, anajibu kwamba chupa haikuwa na lebo, au ilikuwa na karatasi iliyoandikwa "Jojoba Asilia" na basi. Hapo ndipo kazi yetu inapokuwa ngumu, kwa sababu hakuna anayejua ni kitu gani hasa kilichopakwa.

Jojoba hukamuliwa kutoka kwenye mbegu za kichaka kinachoitwa Simmondsia chinensis. Jina hilo lisikupoteze: kichaka hiki si cha Uchina, kwao ni jangwa la Sonora, kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini-magharibi mwa Meksiko. Karibu nusu ya uzito wa mbegu ni mafuta, na kikemia mafuta hayo ni nta iliyo majimaji, tofauti kabisa na ya nazi au ya simsim. Ngozi ya binadamu nayo hutoa mafuta yake, na takriban robo yake ni nta za jamii hiyo hiyo. Ndiyo maana jojoba hukaa vizuri juu ya ngozi, haileti mnato mwingi hata katika fukuto la Kaskazi, na hudumu muda mrefu kabla ya kuharibika. Soko lake lilipanuka miaka ya 1970, Marekani ilipopiga marufuku mafuta ya nyangumi yaliyokuwa yakitiwa kwenye vipodozi na mitambo.

Usoni, matone matatu hadi matano yanatosha. Paka mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, kwa sababu mafuta hayaongezi maji mwilini mwako. Kazi yake ni kuyazuia yaliyopo yasikauke. Ukishatoka kuogelea Mama Ngina au Pirates, suuza kwanza chumvi kwa maji baridi, ndipo upake. Na jojoba haikingi jua. Asiyevaa kofia wala mtandio saa saba mchana ataungua na jojoba yake usoni.

Kwenye nywele kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Mafuta ya nazi hupenya ndani ya unywele na kupunguza kiasi cha protini kinachopotea wakati wa kuosha. Jojoba hubaki juu ya unywele, ikiulainisha na kuupa mng'ao. Kwa hiyo nazi, ambayo tunayo tele na bei yake ni nafuu, ipakwe kabla ya kuosha, na jojoba kidogo baada ya kuosha, hasa kwenye ncha. Anayeweza kumudu moja tu, mimi ningemwambia anunue ya nazi iliyo safi.

Sasa niseme wazi, maana tumechoka kulirudia. Jojoba haioteshi nywele. Kina dada wengi wanaolalamika kwamba nywele za pembeni mwa paji zimenyonyoka wamesukwa kwa kubana mno, tena kwa nywele bandia nzito, mwezi baada ya mwezi. Mzizi unaovutwa kila siku haupozwi kwa mafuta ya aina yoyote. Mwambie msusi wako alegeze, na upumzishe kichwa kati ya msuko na msuko. Jojoba haitibu mapunye pia. Mtoto mwenye mapunye kichwani anahitaji dawa ya kumeza anayoandikiwa zahanati, na kila wiki mama anayomaliza akijaribu mafuta ndiyo wiki ya ndugu zake mtoto kuambukizwa kupitia kitana kimoja. Haifai kumezwa: nta hiyo mwili hauisagi vizuri, na tumbo litakusumbua. Wala isitiwe kwenye kitovu cha mtoto mchanga.

Kosa linalotutia hofu zaidi ni la wanaoinunua ili wawe weupe. Jojoba halisi haina uwezo wa kubadilisha rangi ya ngozi. Ikiwa "jojoba" uliyouziwa imekung'arisha ndani ya wiki mbili, basi ndani yake mna kitu kingine, na tunavyovijua ni vitatu: haidrokwinoni (kemikali ya kuchubua ngozi), zebaki, au dawa za steroidi kama klobetasoli. Zebaki huharibu figo. Steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba, ichore michirizi, na ukiacha ghafla iwashe na kuwa nyekundu kuliko mwanzo. Mama mmoja aliyetuletea chupa ya bintiye, aliyekuwa akitiwa singo kwa ajili ya harusi, alishikilia maneno haya: "Lakini mwanangu, hii ni ya asili, haina kemikali." Mama, kila kitu kina kemikali, maji yakiwemo. Swali la kuuliza ni kemikali gani, na nani ameiweka.

Hata iliyo safi, ijaribu kwanza. Paka tone moja upande wa ndani wa mkono, asubuhi na jioni, kwa siku mbili. Ikiwasha au kuvimba, acha. Mzio wa jojoba si wa kawaida lakini upo.

Nyumbani unaweza kufanya jaribio moja zaidi. Tia kijiko kimoja kwenye glasi, weka kwenye friji usiku kucha. Kwa kawaida jojoba huganda joto likishuka chini ya nyuzi 10 hivi: huanza kuwa na ukungu, kisha hukakamaa, na ukiiacha mezani hurudi majimaji kama ilivyokuwa. Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa na yale ya madini hubaki yakitiririka. Lakini kuganda peke yake si ushahidi, maana mafuta ya nazi huganda kwenye nyuzi 24 tu, na mchanganyiko wenye jojoba kiasi nao unaweza kuganda. Wala usitegemee rangi. Isiyosafishwa ni ya dhahabu, iliyosafishwa haina rangi, na zote mbili ni jojoba. Ikinukia asumini au waridi, jua imetiwa manukato.

Njia ya uhakika ni lebo. Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vipodozi, KS EAS 346, kinataka mnunuzi aone bidhaa ni nini, nani ameitengeneza na yuko wapi, kiasi kilichomo, namba ya toleo na viambato. Tafuta maneno Simmondsia Chinensis Seed Oil. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi. Ukikuta Paraffinum Liquidum mwanzoni na jojoba imefuata baada ya Parfum, yaani manukato, umeuziwa mafuta ya madini yenye jojoba ya jina. Bidhaa iliyotengenezwa nchini iwe na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) na namba ya kibali chini yake. Andika SM, alama ya reli (#), kisha namba hiyo, utume kwa 20023. Jibu litakuonyesha kibali ni cha bidhaa gani na cha kampuni ipi. Jina likitofautiana na la chupa, usinunue. Bidhaa iliyoagizwa kutoka nje iwe na stika ya ISM, alama ya KEBS ya bidhaa za kutoka nje.

Ukiwa tayari umedhurika, nenda kituo cha afya kwanza, halafu uje kwetu. Usiitupe chupa. Usimimine yaliyobaki kwenye chupa nyingine, wala usiioshe. Njoo nayo pamoja na risiti au ujumbe wa M-Pesa, picha ya ngozi ikionyesha tarehe, na maelezo ya kibanda ulikonunua. Utajaza fomu ya malalamiko. Afisa ataenda dukani, atajitambulisha kwa kitambulisho, atachukua sampuli na kuifunga kwa lakiri mbele ya mwenye duka, ambaye ataweka saini. Sampuli hupelekwa kwa Mkemia wa Serikali au maabara ya KEBS. Bidhaa zikizuiliwa, haziruhusiwi kuuzwa, kuhamishwa wala kufunguliwa lakiri hadi majibu yatoke. Wanaotupigia simu kila asubuhi wakitaka tufunge duka siku hiyo hiyo waelewe kwamba bila sampuli iliyochukuliwa kwa utaratibu, kesi huanguka mahakamani.

Wauzaji nao wajue makosa yanavyotofautiana. Kuuza kipodozi chenye kitu cha kudhuru afya ni kosa chini ya Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254. Kubandika alama ya ubora bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Viwango, Sura ya 496. Kuiga chapa ya mwingine kunaangukia Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008: kwa kosa la kwanza, kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja kwa kila bidhaa, au vyote viwili. Anayekamatwa na chupa 40 za shilingi 800 anaanzia faini ya shilingi 96,000. Akirudia, kifungo hufika miaka 15 na faini huanzia mara tano ya bei.

Tunajua wengi wanaojaza chupa ndogo majumbani, Majengo, Likoni na Kisauni, hawana nia mbaya. Wananunua galoni na kugawa ili wateja waimudu bei. Hawa hatutaki kuwafukuza sokoni. Waje na galoni ilivyofungwa, stakabadhi ya ununuzi na mfano wa lebo wanayotaka kutumia, kabla hawajauza chupa ya kwanza. Tutawaonyesha kinachokosekana kwenye lebo, na tutawaelekeza ofisi ya KEBS hapa Mombasa kuomba kibali.