Mchora mazimwi hana jini

Hapa Kigoma, ukichora sura ya kutisha tu, utasikia: "Huyo ana jini, anachora anachokiona usiku." Ni maneno ya siku nyingi, na wengi husema bila ubaya. Lakini si kweli.

Zimwi huchorwa kwa kutazama vitu vya kawaida. Leonardo da Vinci, mchoraji wa Italia aliyefariki mwaka 1519, aliacha maelekezo: ukitaka mnyama wa kubuni, tuseme joka, aonekane wa kweli, mpe kichwa cha mbwa, macho ya paka, masikio ya nungunungu, paji la simba, shingo ya kobe wa majini. Hakuna kiungo hata kimoja kilichotoka kuzimu.

Ghala langu mimi ni mwalo wa Kibirizi, asubuhi. Kambare kalazwa kwenye turubai: kichwa bapa, ngozi isiyo na magamba inang'aa kama mpira uliolowa, sharubu nane. Zirefushe sharubu hizo, zioteshe kwenye kidevu cha binadamu, halafu mwanga umpige kutoka chini, kama wa karabai za wavuvi wa dagaa. Basi, mtoto halali.

Na ndoto? Mwaka 1799 Francisco Goya, mchoraji wa Hispania, alitoa picha ya mtu aliyelala, bundi na popo wamemzingira. Hata hiyo aliitangulizia michoro ya majaribio kwa kalamu na wino.

Mama mmoja muuza samaki aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, huogopi?"

"Naogopa vidole, mama. Mkono mmoja naufuta mara kumi."