Kioo cha hali ya hewa kinachosoma maji ya simtank

Vituo vidogo vya hali ya hewa vya nyumbani, vyenye kioo cha mezani na kihisi cha kutundika nje, mara nyingi hufa upande mmoja: kihisi huliwa na jua na mvua, kioo hubaki kizima. Watu hukitupa. Mimi hukiokota nikakigeuza kiwe cha kuonyesha maji ya tangi, maana kioo hakijui kinapima nini. Kinangoja namba hewani, kwenye 433.92 MHz, na vile vya bei nafuu humwamini yeyote anayezipanga ipasavyo.

Kwa hiyo usikifungue. Sikiliza kwanza: kidude cha RTL-SDR (kipokezi cha redio cha USB) kwenye laptopu na programu ya rtl_433, inayofasiri jumbe za vihisi, vitakuonyesha kihisi kizima (hata cha jirani) kinasema nini. Mpangilio mmoja ulioenea sana ni ule ambao rtl_433 huuita Nexus. Una biti 36: 8 za utambulisho, 4 za betri na chaneli, 12 za jotoridi, 4 ambazo ni moja tupu, na 8 za unyevu. Kila biti ni pigo la mikrosekunde 500 hivi, kisha kimya: kikidumu 1000 ni sifuri, 2000 ni moja.

Utamu uko kwenye zile 12. Jotoridi husafiri likiwa limezidishwa kwa kumi; nyuzi 27.4 hutumwa kama 274. Humo naweka kina cha maji kwa sentimita. Kioo kikiandika 14.2, tangi lina sentimita 142, na watu wa nyumbani huzoea upesi kuiruka nukta. Sehemu ya unyevu ingefaa kwa asilimia, ila vioo vingi havionyeshi chini ya 20, yaani pale hasa maji yanapokaribia kuisha.

Cha kutuma ni transmita ya FS1000A yenye waya wa sentimita 17.3 kama antena. Cha kupima ni JSN-SR04T, kihisi kinachopima umbali kwa mwangwi wa sauti, kwenye mfuniko. Hakioni kitu kilicho karibu kuliko sentimita 25 hivi, basi kiinue juu ya usawa wa tangi lililojaa. Utambulisho uwe mmoja daima. Vihisi vingi vya dukani hujipa mpya kila betri ikibadilishwa, ndipo kioo kinapovipoteza.

Kazi ngumu ni saa. Baadhi ya vioo hulaza kipokezi ili kuokoa betri, vikaamka muda mfupi tu ujumbe unapotarajiwa. ATtiny85, chipu ndogo inayoendesha kihisi na transmita, ikitegemea saa yake ya ndani huyumba kwa joto la juu ya tangi, na kioo kikaishia kuonyesha vistari. Ifungie kristali ya nje.