Kununua Fleti au Nyumba ya Pwani Pattaya: Jina Lako Litaandikwa Kama Nani?

Wateja wengi wanaonijia kuhusu Pattaya, mji wa pwani wa Thailand, huwa wameshaipenda fleti kabla hawajauliza lolote. Baadhi yao ni wafanyabiashara wa vito kutoka Tanzania na Kenya, ambao hupeleka mawe kwenye masoko ya vito ya Chanthaburi na Bangkok na hupumzika pwani kabla ya kurejea nyumbani. Wengine wameajiriwa Ghuba au Ulaya na wanatafuta pa kuweka akiba yao. Kazi yangu ni kukagua nyaraka za mauzo ya mali za pwani ya Thailand kabla mnunuzi hajatia saini, nami huifanya pamoja na mawakili wa Kithai, kwa kuwa uwakili ni miongoni mwa kazi ambazo nchi hiyo imewatengea raia wake. Hapa nitaeleza jambo ambalo kwa maoni yangu hutangulia bei, mandhari na umbali kutoka baharini: ni jina la nani litakaloingizwa katika daftari la Ofisi ya Ardhi, na litaingizwa kama la mmiliki au la mpangaji.

Sheria ya Ardhi ya Thailand, ambayo msingi wake ni wa mwaka 1954, haimruhusu mgeni wa kawaida kumiliki ardhi. Upo mlango mmoja mwembamba: mgeni aliyewekeza baht milioni 40 katika maeneo yanayotambuliwa na serikali anaweza kuomba kibali cha kumiliki ardhi ya makazi isiyozidi rai 1, yaani mita za mraba 1,600. Kwa mnunuzi mwenye akiba ya kawaida mlango huo ni kama haupo. Zinabaki njia mbili za halali zinazofikika, ambazo ni kumiliki fleti ndani ya jengo la kondominiamu, yaani jengo ambalo kila fleti ina mmiliki na hati yake, au kupanga ardhi au nyumba kwa muda mrefu kwa mkataba ulioandikishwa.

Njia ya fleti ndiyo ninayoipendekeza, na sababu yake ni nyepesi: mgeni huandikwa kuwa mmiliki kamili, bila ukomo wa miaka. Sheria ya Kondominiamu ya mwaka 1979, pamoja na marekebisho yake, inataka kwanza kwamba eneo linalomilikiwa na wageni lisizidi asilimia 49 ya eneo la fleti zote za jengo. Angalia kwamba kipimo ni eneo, wala si idadi ya fleti. Jengo lenye fleti za jumla ya mita za mraba 20,000 lina mita 9,800 za wageni, na fleti chache kubwa za ghorofa za juu zinaweza kuumaliza mgao huo mapema. Katika majengo yanayotazama bahari, hasa katika mitaa ya Pattaya ya Jomtien, Pratumnak na Wong Amat, mgao wa wageni huweza kuwa umejaa, na hapo ndipo dalali hukuletea fleti kama hiyo iliyo nje ya mgao wa wageni kwa bei nafuu, akiiita fleti ya "jina la Kithai" au ya "jina la kampuni". Unafuu huo una maana yake: unauziwa kitu ambacho sheria haitakuruhusu kukiandikisha kwa jina lako. Kabla ya kulipa hata amana, dai barua ya uongozi wa jengo inayothibitisha kwamba mgao haujajaa na kwamba fleti hiyo imo ndani yake. Ofisi ya Ardhi itaidai barua hiyo siku ya uhamisho kwa vyovyote vile, kwa hiyo muuzaji mkweli hana sababu ya kuichelewesha.

Sharti la pili linahusu njia ambayo fedha zimepita, na hapa ndipo wafanyabiashara wetu wa vito hukwama zaidi. Mgeni asiye na ukaazi wa kudumu anapaswa kuonyesha kwamba fedha za kununulia fleti ziliingia Thailand zikiwa fedha za kigeni na zikabadilishwa kuwa baht na benki iliyo ndani ya nchi, au kwamba zilitolewa katika akaunti ya aina inayotambuliwa na sheria, kama vile akaunti ya fedha za kigeni. Benki inayopokea hutoa hati ya kuthibitisha hilo, na hati hiyo ndiyo Ofisi ya Ardhi huitazama. Mtu aliyeuza mawe yake Chanthaburi na kulipwa baht taslimu anaweza kuwa na fedha halali za kutosha, na bado zisimsaidie kuandikishwa, kwa sababu hazikuvuka mpaka kama fedha za kigeni. Vivyo hivyo, ukibadilisha dola kuwa baht ukiwa Dubai kisha ukatuma baht, umeuharibu ushahidi wako mwenyewe. Tuma dola, euro au dirham kama zilivyo. Jina la mtumaji na la mpokeaji lilingane na jina lililo katika pasipoti ya mnunuzi. Na katika sehemu ya madhumuni iandikwe kwamba ni kwa ajili ya kununua fleti, pamoja na namba ya fleti na jina la jengo. Hati hizo zihifadhiwe hata baada ya kununua, kwa sababu siku utakapouza, benki itataka kuziona kabla ya kukuruhusu kuzirudisha fedha nje.

Sasa nije kwenye nyumba zenye uwanja na bwawa, zile zinazotangazwa sana upande wa mashariki wa barabara ya Sukhumvit, Pattaya, na vilevile Hua Hin na Phuket. Kwa mgeni, ardhi iliyo chini ya nyumba hizo kwa kawaida hupatikana kwa upangaji. Sheria ya madai ya Thailand inaweka ukomo wa upangaji wa nyumba na ardhi kuwa miaka 30, na mkataba unaozidi miaka 3 ambao haukuandikishwa Ofisi ya Ardhi huwa na nguvu ya miaka 3 tu. Hata hivyo, matangazo mengi husema "miaka 30, mara tatu", kana kwamba mtu ananunua miaka 90.

Msomaji wa Tanzania yuko katika hatari ya pekee hapa, kwa sababu ya mazoea ya nyumbani. Sisi tumezoea hati ya kumiliki ardhi ya miaka 33, 66 au 99, inayotolewa na dola, na tunapoona muda maalumu tunaufikiria kama muda utakaohuishwa na mamlaka ileile ikiwa tumelipa kodi na kutimiza masharti. Upangaji wa Thailand ni jambo tofauti kabisa. Ni makubaliano kati yako na mwenye ardhi, ambaye ni mtu binafsi au kampuni, na ahadi yake ya kukuongezea miaka 30 mingine ni ahadi yake yeye. Akiiuza ardhi, mnunuzi mpya atalazimika kuuheshimu muda ulioandikishwa hadi uishe. Ahadi ya kuhuisha, kwa mtazamo ambao mahakama za nchi hiyo zimeushikilia, haimfungi mtu ambaye hakuitoa. Miaka 30 ni mingi, na mtu aliyekupa ahadi hiyo anaweza kuwa ameshafariki au kampuni yake imefungwa. Kwa hiyo fanya hesabu yako kwa miaka 30 ya kwanza peke yake. Ikiwa bei haileti maana kwa miaka hiyo, basi ni kubwa mno. Mwaka 2024 serikali iliagiza Wizara ya Mambo ya Ndani ichunguze uwezekano wa kurefusha upangaji hadi miaka 99 na kuongeza mgao wa fleti hadi asilimia 75, na madalali wakaanza kuuza kwa kutegemea habari hiyo. Agizo la kuchunguza halimpi mnunuzi haki yoyote.

Unaponunua upangaji kutoka kwa mpangaji wa awali, soma tarehe kwa makini, kwani nyaraka za Thailand hutumia kalenda ya Kibuddha, iliyo mbele ya kalenda yetu kwa miaka 543. Upangaji ulioandikishwa mwaka 2555 ulianza mwaka 2012 na utakwisha mwaka 2042. Anayekuuzia leo anakuuzia miaka iliyobaki tu, hata kama nyumba imepakwa rangi upya na bei ni ileile ya siku ya kwanza.

Kuhusu kampuni ya kukodi majina, nitasema kwa ufupi na bila kuzunguka: usiifungue. Katika mpango huo Wathai wasiotoa senti huandikwa wenye hisa zaidi ya nusu ili kampuni imiliki ardhi kwa niaba ya mgeni. Sheria ya Biashara za Wageni ya mwaka 1999 inaweka adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 3, au faini ya kati ya baht 100,000 na milioni 1, kwa Mthai aliyeazimisha jina lake na kwa mgeni aliyemruhusu afanye hivyo, na ardhi yenyewe huamriwa iuzwe. Mshauri anayekuambia kwamba kila mtu hufanya hivyo hatakaa kizimbani pamoja nawe.

Hati yenyewe inastahili kushikwa mkononi. Hati kamili ya ardhi huitwa Chanote. Juu yake kuna Garuda mwekundu, ndege ambaye ni nembo ya taifa, na mipaka yake imepimwa na kuwekewa vigingi vyenye namba. Garuda wa kijani ni wa hati ya Nor Sor 3 Gor, iliyo chini yake kidogo. Mweusi ni wa Nor Sor 3, ambayo mipaka yake haijapimwa kwa usahihi na ambayo uhamisho wake hungoja tangazo la siku 30. Geuza ukurasa wa nyuma, maana huko ndiko kwenye historia: jedwali linaonyesha tarehe, aina ya muamala, aliyetoa, aliyepokea, na saini ya ofisa yenye muhuri. Rehani ya benki isiyofutwa utaikuta hapo, katika mstari wa chini, kwa maandishi ya Kithai ambayo mnunuzi mgeni hupitisha jicho bila kujua. Fleti nayo ina hati yake, iitwayo Or Chor 2, inayosomwa vivyo hivyo. Usiridhike na fotokopi. Ofisi ya Ardhi ya Bang Lamung, inayohudumia Pattaya, ina nakala yake rasmi, na hati ya muuzaji ilinganishwe nayo. Ardhi ya Sor Por Kor 4-01, iliyogawiwa wakulima, iache kabisa. Kugawiwa kwa ardhi ya aina hiyo kwa matajiri wa Phuket ndiko kulikoiangusha serikali ya Thailand mwaka 1995.

Kwa jengo ambalo bado halijajengwa, dai kibali cha ujenzi na idhini ya tathmini ya mazingira, inayohitajika kwa majengo yenye fleti 80 au zaidi, au eneo la mita za mraba 4,000. Nimewahi kuona amana zikipokelewa kabla ya idhini hiyo kutoka. Karibu na gati la Bali Hai, Pattaya, ujenzi wa mnara wa ghorofa 53 ulisimamishwa mwaka 2014, na gofu lake limebaki likitazama bahari kwa miaka mingi huku wanunuzi wakiwa hawana pa kuhamia.

Usinunue kwa hesabu ya kupangisha watalii kwa usiku. Sheria ya Hoteli ya mwaka 2004 huchukulia upangishaji wa chini ya mwezi kuwa biashara ya hoteli, na mwaka 2018 mahakama ya Hua Hin iliwatoza faini wenye fleti waliofanya hivyo bila leseni. Ada ya huduma za jengo italipwa hata fleti ikiwa tupu: fleti ya mita 35 kwa baht 40 kwa kila mita kwa mwezi hudai baht 16,800 kwa mwaka. Ada ya uhamisho ni asilimia 2 ya thamani iliyokadiriwa na serikali, na anayeuza kabla ya miaka 5 hutozwa kwa kawaida kodi maalumu ya asilimia 3.3, kwa hiyo iandikwe katika mkataba ni nani atakayelipa kipi.

La mwisho ni warithi. Mrithi mgeni wa fleti ambaye hatimizi masharti ya umiliki hupewa mwaka 1 aiuze, na upangaji kwa kawaida hukoma mpangaji anapofariki, isipokuwa mkataba umesema vingine. Andika wosia wa Kithai unaohusu mali iliyo Thailand peke yake, uhakikishe hauutangui ule uliouacha nyumbani, na umwonyeshe mwenzi wako au mwanao mahali hati ya benki na Or Chor 2 zilipo.