Hisa za Wafanyakazi Katika Kampuni ya Franchaizi: Dhana Potofu na Ukweli

Kampuni ya franchaizi hukodisha jina na mfumo wake kwa wenye matawi, nao humlipa mwenye chapa mrabaha. Mameneja wake mara nyingi hupewa hisa juu ya mshahara. Marekani hesabu hizo hufuata kanuni ya uhasibu ASC 718. Kenya na Tanzania hufuata IFRS 2, kanuni ya kimataifa. Makosa yanayojirudia ni haya.

"Pesa haijatoka, basi hakuna gharama."
Zamani Marekani, opsheni (haki ya kununua hisa baadaye kwa bei iliyopangwa leo) iliyotolewa kwa bei ya sokoni ya siku hiyo kwa kawaida haikuandikiwa hata senti. Mlango huo ulifungwa na kanuni ya uhasibu FAS 123(R) ya Desemba 2004. Sasa unadebiti gharama za wafanyakazi na kukrediti mtaji. Opsheni 10,000 zenye thamani ya haki (makadirio ya bei yake sokoni) ya dola 8.63 kila moja, zinazokomaa zote baada ya miaka 3, yaani hapo ndipo mfanyakazi anapozipata kikamilifu, ni dola 86,300, yaani karibu 28,767 kila mwaka.

"Bei ya hisa ikishuka, gharama nayo hushuka."
Kama malipo ni ya hisa, thamani hupimwa siku ya utoaji na haiguswi tena. Kama ni ya pesa taslimu, hilo ni deni, na hupimwa upya kila unapofunga hesabu. Soma kifungu cha malipo kabla ya kufungua Excel.

"Opsheni ni ya miaka 10, weka 10 kwenye modeli."
Chukua hisa ya dola 20, bei ya kununulia 20, kuyumba kwa bei asilimia 35, riba asilimia 4, bila gawio. Kwa miaka 10, Black-Scholes, fomula ya kukadiria thamani ya opsheni, inakupa dola 10.71, kwa miaka 6.5 inakupa 8.63. Kwa opsheni 10,000 umezidisha gharama kwa dola 20,800. Mfanyakazi haruhusiwi kuiuza opsheni yake sokoni, na akiacha kazi hupewa muda mfupi tu wa kuitumia, kwa hiyo wengi huitumia mapema. Kampuni isiyo na historia ya jinsi wafanyakazi wake wanavyotumia opsheni inaruhusiwa na SEC, mdhibiti wa masoko ya hisa Marekani, kwa opsheni za kawaida, kuchukua wastani wa muda wa kukomaa na muda wa mkataba: 3 jumlisha 10, gawa kwa 2, ndiyo 6.5 ya hapo juu.

"Lengo lisipofikiwa, gharama inafutwa."
Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu inategemea ni lengo gani. "Matawi mapya 50" ni sharti la utendaji: haliingii kwenye bei ya opsheni, linabadilisha idadi unayotarajia ikomae. Yakifunguliwa 49, ulichokwisha kuandika kinarudishwa chote. "Hisa ifike dola 30" ni sharti la soko: uwezekano wa kushindwa umeshakatwa kwenye thamani tangu mwanzo, kwa kawaida kwa Monte Carlo, yaani kuigiza kwa kompyuta njia nyingi ambazo bei inaweza kupita. Bei isipofika, gharama inabaki palepale, mradi mfanyakazi amemaliza muda wake wa kazi. Inauma, lakini ndiyo kanuni. Akiondoka kabla ya kukomaa, inafutwa kwa masharti yote mawili.

"Mwenye tawi akipewa hisa, andika kwenye mishahara."
Mwenye tawi ni mteja wako. Ndiye anayekulipa mrabaha. Hisa alizopewa kama kivutio cha mkataba hupimwa kwa ASC 718 siku ya utoaji, ila kwa mujibu wa ASU 2019-08 (sasisho la kanuni za uhasibu za Marekani) hupunguza mapato. Huwa gharama pale tu anapokupa bidhaa au huduma inayojitegemea. Ukiziweka kwenye mishahara, faida huenda isibadilike, lakini mrabaha utaonekana mnono kuliko ulivyo, na mrabaha ndiyo namba ambayo wawekezaji hukimbilia. Mpishi wa tawi naye ni mfanyakazi wa mwenye tawi, si wako, hata akivaa sare yenye nembo yako.

"IFRS na kanuni za Marekani hutoa namba moja."
Tangu ASU 2016-09, Marekani unachagua: kukadiria watakaoacha kazi, au kuwaondoa wanapoacha. IFRS 2 inataka makadirio tu. Tofauti kubwa zaidi iko kwenye hisa zinazokomaa theluthi moja kila mwaka. Marekani, sharti likiwa la muda wa kazi pekee, unaweza kugawanya sawa kwa miaka 3. IFRS 2 huhesabu kila theluthi kivyake, hivyo mwaka wa kwanza hubeba karibu asilimia 61, wa pili 28, wa tatu 11.