Acheni kukausha vidonda vya malengelenge

"Kiache wazi kipigwe upepo kikauke." Nimechoka kuisikia kauli hii. Muuza dawa anaisema, bibi nyumbani anaisema, na linalonikera zaidi, inasemwa wodini na watu waliovaa koti jeupe, tena kwa mtoto mwenye EB (epidermolysis bullosa, ugonjwa wa kurithi unaofanya ngozi itoke malengelenge na kubanduka kwa urahisi) aliyebanduka ngozi nusu ya mgongo. Mtoto anapakwa GV (gentian violet, ile dawa ya zambarau), anaachwa bila nguo ndani ya chandarua, na baada ya siku mbili mgongo umekuwa gamba gumu la zambarau. Kila mtu anasema anaendelea vizuri. Haendelei vizuri. Gamba lile litapasuka akigeuka, na litaondoka na ngozi changa iliyokuwa imeanza kuota chini yake.

Kigaga si ngozi. Ni majimaji ya kidonda, damu, na sehemu ya juu ya dermisi (tabaka la ndani la ngozi) iliyokufa kwa kukauka, vyote vimegandamana. Kidonda kinafungwa na keratinosaiti, seli za ngozi ya juu, zinazotambaa kutoka kwenye kingo na kwenye mashina ya vinyweleo, nazo hazitambai penye ukavu. Zikikuta kigaga zinalazimika kushuka na kumeng'enya njia chini yake mpaka zipate unyevu. George Winter alilionyesha hilo mwaka 1962 kwa nguruwe: majeraha ya juujuu yaliyofunikwa kwa plastiki nyembamba yaliota ngozi kwa kasi karibu mara mbili ya yaliyoachwa wazi. Mwaka 1963 Hinman na Maibach wakaona jambo hilohilo kwa binadamu. Ni zaidi ya miaka 60 sasa, na bado tunapepea vidonda.

Lakini vitabu navyo vinapitia haraka mahali pagumu. Nguruwe wa Winter walikuwa wadogo, wazima, na majeraha yao yalikuwa mapya. Kidonda cha EB kilichokaa mwaka mzima ni kitu kingine. Kimejaa neutrofili (aina ya seli nyeupe za damu) na vimeng'enya vinavyokata protini, na majimaji yake huzizuia seli kugawanyika badala ya kuzichochea. Ndiyo maana sipendi mtu aniambie tu "kiwe na unyevu" kisha aondoke. Unyevu upi, wa kiasi gani?

Jibu liko kwenye bendeji unayoitoa. Ikiwa imeganda, kidonda kilikauka mno: ongeza mafuta au badilisha mapema zaidi. Ikiwa ngozi ya pembeni ni nyeupe, imevimba na inaachia ukiigusa, imelowa mno: hapo usipunguze mafuta yanayogusa kidonda, ongeza tabaka la juu la kunyonya, au libadilishe hilo peke yake mara mbili kwa siku. Watu wengi hufanya kinyume. Wakiona majimaji wanaondoa kila kitu na kurudi kwenye upepo.

Tabaka la kugusa kidonda likiwa la silikoni ni bora, kwa kuwa linaweza kukaa siku kadhaa huku sponji ya juu ikibadilishwa. Lisipopatikana, tumia gozi safi iliyopakwa mafuta ya mgando kwa wingi hadi vitundu vyake vizibe kabisa. Mafuta kidogo ni sawa na gozi kavu: nyama changa huota kupitia vitundu, na ukiivuta inatoka damu. Gozi ya mafuta ibadilishwe kila siku. Plasta ya kunata isiguse ngozi ya mgonjwa wa EB kamwe, hata kushikilia kanula (mrija wa dripu). Funga kwa bendeji ya kuzungushia. Ikigandia, usivute. Lowesha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi mpaka iachie yenyewe, hata kama itachukua nusu saa.

Na maji yawe na chumvi kweli. Maji matupu yanaunguza kidonda kilicho wazi kwa sababu yana ukolezi mdogo kuliko majimaji ya mwili, na mtoto anayelia kila akiogeshwa analilia hilo. Gramu 9 kwa lita moja, yaani gramu 90 kwenye beseni la lita 10. Pima kwa mizani. Pakitokea usaha wa kijani wenye harufu, siki ya asilimia 5 sehemu moja kwa maji sehemu 19 inatoa asilimia 0.25, lowesha gozi, iweke dakika kama kumi, kisha suuza. Spiriti na haidrojeni peroksaidi ziache kabatini. Zinaua bakteria, na zinaua keratinosaiti zilezile unazozisubiri. GV inaficha rangi ya kidonda kiasi kwamba huwezi kuona wekundu unaosambaa, na panya waliolishwa rangi hiyo walipata saratani. Kwa ngozi ambayo tayari ina mwelekeo wa saratani, sioni sababu ya kuitumia.

Sasa suala la kutoboa, ambalo kila mtu ana msimamo nalo. "Lengelenge lisitobolewe" ni ushauri mzuri kwa mtu mwenye ngozi nzima aliyechubuliwa na kiatu. Kingo za lengelenge lake zimeshikiliwa imara, majimaji hayana pa kwenda, yatanyonywa. Katika EB kingo hazijashikiliwa. Katika aina ya EB iitwayo distrofiki, protini ya kolajeni VII ni pungufu au haipo, kwa hiyo nyuzi zinazoshikiza utando wa msingi (ulio chini ya ngozi ya juu) kwenye dermisi hazifanyi kazi, na shinikizo la majimaji linaendelea kubandua. Lengelenge la ukubwa wa sarafu jioni linaweza kuwa la kiganja kizima asubuhi. Hilo lazima litobolewe, mapema.

Tumia sindano safi isiyotumika, ya namba 23 au pana zaidi. Ilaze sambamba na ngozi, ipitishe sehemu ya chini kabisa ya lengelenge ili iingie upande mmoja na kutokea wa pili. Tundu moja huziba na lengelenge hujaa tena. Kandamiza taratibu kwa gozi laini. Ngozi ya juu iache palepale, usiikate. Ndiyo bendeji nzuri kuliko zote ulizonazo. Niseme wazi kwamba kanuni hii imejengwa zaidi juu ya uzoefu wa wauguzi wa EB kuliko juu ya majaribio yenye makundi ya kulinganisha. Naifuata kwa sababu mekanika ya ngozi inaiunga mkono.

Pemfigasi na pemfigoidi, magonjwa mengine ya malengelenge, ni habari nyingine, na hapa sitakaa sana. Huko kingamwili za mgonjwa mwenyewe ndizo zinazoshambulia protini za kushikiza ngozi, desmogleini au kolajeni XVII. Bendeji inalinda tu. Bila prednisoloni au dawa nyingine ya kutuliza kinga, malengelenge mapya yataendelea kutoka. Mtu mzima aliyeanza kupata malengelenge bila sababu hahitaji ushauri wa kidonda. Anahitaji biopsi (kipande cha ngozi cha kupimwa maabara), na kipande cha pili cha ngozi ya pembeni ya lengelenge kwa ajili ya imyunofloresensi (kipimo cha kuona kingamwili kwenye ngozi), ambacho hakiwekwi kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia vipande. Kikiwekwa, kipimo kimeharibika.

Nirudi kwenye neno "kimepona". Mamlaka ya dawa ya Marekani inahesabu kidonda kimefunga pale kinapokuwa na ngozi kote, hakitoi majimaji, hakihitaji bendeji, na kimekutwa hivyo katika ukaguzi wa mara mbili uliopishana wiki mbili. Kigaga hakitimizi hata sharti la kwanza. Kipimo hicho chenyewe kinanisumbua katika EB, kwa sababu kidonda kinaweza kufunga Jumatatu na kupasuka palepale wiki ya tatu kwa kuvaa shati tu. Kuhesabu kufunga bila kuhesabu muda wa kubaki kimefungwa kunaipamba dawa kuliko inavyostahili.

Hata tiba mpya zinataka kidonda chenye unyevu. Jeli ya jeni ya COL7A1 (jeni ya kolajeni VII) iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 hudondoshwa mara moja kwa wiki juu ya kidonda kilicho wazi, matone yakiachana kama sentimita moja, kisha hufunikwa. Virusi vinavyobeba jeni vinapaswa kuzifikia seli. Juu ya kigaga vitaishia kwenye tishu iliyokufa.

Jambo la mwisho kwa wanaohudumia EB ya distrofiki kali. Kidonda kisichofunga kwa wiki kadhaa ingawa kimefunikwa vizuri, chenye kingo zilizoinuka, au kinachouma tofauti na vingine, kisiitwe sugu na kuachwa. Saratani ya skwamasi (aina ya saratani ya ngozi) huwapata wagonjwa hawa wakiwa bado vijana, na ndiyo inayowaua wengi wao. Chukua biopsi zaidi ya moja, kutoka ukingoni na katikati, na jibu likirudi safi huku kidonda kikiendelea kukua, chukua tena.