Je, wajua kwa nini Katiba haimuulizi mgombea urais ana uzoefu gani?

Jioni moja barazani Ngamiani, Tanga, birika la kahawa likiwa bado la moto na kashata hazijaisha, mazungumzo yaliangukia kwa kijana mmoja anayetajwatajwa siku hizi. Kasoma, ana maneno, watu wanampenda. Hata udiwani hajaugusa, lakini wapo waliokwisha kumpa uwaziri vinywani mwao, na mmoja akampeleka moja kwa moja Ikulu. Mzee mmoja aliyemaliza umri wake wa kazi baharini akaweka kikombe chini, akauliza: "Huyo ameshika usukani wapi?"

Baraza likacheka, kisha likagawanyika. Mji huu tumezoea kuuita "waja leo, waondoka leo", kwa hiyo habari za wageni hatuziogopi. Lakini mgeni wa kupewa nchi ni habari nyingine. Nilipofika nyumbani nikaifungua Katiba ya mwaka 1977 nione yenyewe inasemaje.

Ibara ya 39 inamtaka mgombea urais awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 40, awe mwanachama wa chama cha siasa na amependekezwa na chama hicho, awe na sifa za kuwa mbunge au mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, na asiwe ametiwa hatiani kwa kukwepa kodi katika miaka mitano kabla ya uchaguzi. Sifa za ubunge ziko ibara ya 67, nazo ni nyepesi zaidi: miaka 21, na kujua kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Uzoefu haumo. Si wa serikalini, si wa bungeni, si wa popote.

Yule mzee angeshangaa. Baharini hapewi mtu cheti cha unahodha wa meli kubwa mpaka ihesabiwe miezi aliyokaa chomboni, tena kwa kumbukumbu zilizoandikwa na kupigwa mhuri. Sasa iweje nchi nzima ikabidhiwe mtu bila hesabu hiyo?

Jibu linaanza na swali jingine: hesabu hiyo angeiweka nani? Ukiandika kwamba mgombea lazima awe amekaa serikalini miaka 10, umewakabidhi ufunguo walioko ndani. Wao ndio wanaoteua, kwa hiyo wao ndio watakaoamua nani apate uzoefu na nani aukose, na mpinzani ambaye chama chake hakijawahi kushika dola hataupata mpaka anazeeka. Ndiyo maana nchi nyingi zimeishia kwenye umri na uraia. Marekani nayo haina sharti la uzoefu. Inataka miaka 35, uraia wa kuzaliwa, na miaka 14 ya kuishi nchini. Kupima uzoefu wameachiwa wapiga kura.

Na sisi wenyewe tungekuwa na kibarua cha kueleza historia yetu. Julius Nyerere alikuwa mwalimu Pugu mpaka mwaka 1955. Aliingia madarakani kama Waziri Kiongozi mwaka 1960, na Desemba 1961 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika huru akiwa na miaka 39. Kwa sharti letu la leo, siku ile bendera inapanda asingeruhusiwa hata kugombea urais, umri haujatimia! Wiki chache baadaye, Januari 1962, akajiuzulu ili akajenge chama, na nafasi ikashikwa na Rashidi Kawawa, aliyekulia katika vyama vya wafanyakazi, akiwa na miaka 35. Wenye uzoefu wa kuendesha serikali wakati ule walikuwa Waingereza, na hao ndio tuliokuwa tunawaaga.

Kwa hiyo Katiba imenyamaza. Vyama havijanyamaza. Kwa kuwa mgombea binafsi haruhusiwi kwetu (Mahakama ya Afrika, pale Arusha, ilisema mwaka 2013 kwamba katazo hilo linavunja haki, lakini katazo lipo), kila mgeni wa siasa lazima apite kwenye mlango wa chama, na mlangoni kuna kifumbu.

Kifumbu wanakijua wapishi wa pwani: kile kifuko cha ukindu cha kukamulia nazi, tui likapita na machicha yakabaki. Mwaka 2015 CCM walijitokeza waomba urais zaidi ya 30. Kamati Kuu ikakamua wakabaki watano, Halmashauri Kuu ikabakisha watatu, Mkutano Mkuu ukamchagua mmoja. Katika wale watano alikuwemo January Makamba, mbunge wa Bumbuli huku kwetu mkoani Tanga, mwenye miaka 41, mitano ya ubunge na mitatu hivi ya unaibu waziri. Vijiwe vyote vya Tanga mwaka ule vilikuwa na swali la yule mzee. Aliyepita ni John Magufuli, aliyeingia bungeni mwaka 1995, akawa naibu waziri mwaka huo huo, na hakutoka tena kwenye serikali kwa miaka 20.

Sasa kifumbu hufanya nini hasa? Wengi tunadhani miaka mingi humjaza mtu maarifa, kama mtungi unaotiwa maji. Mimi naona kazi yake kubwa iko kwingine: miaka hiyo hutuonyesha sisi ni mtu wa namna gani. Umemwona akipewa fedha, umemwona akitukanwa, umemwona akishindwa. Mwenye pupa ameshajulikana, mwenye hasira ameshasababisha kesi, na wengi wao wamebaki kwenye machicha. Mgeni anaweza kuwa bora kuliko wote waliopita humo, ila wewe humjui, na ukimchagua unacheza pata potea.

Mtafiti mmoja, Gautam Mukunda, amewahi kuwagawa marais wa Marekani kwa kipimo hiki hiki: waliochujwa kwa miaka mingi ya madaraka, na walioingia bila kuchujwa. Aliokuta wamepita kwenye chujio walikuwa wengi wao wa kati, wanafanana, ungeweza kumtoa huyu ukaweka yule. Wasiochujwa walijaa kwenye ncha mbili, wengine wakiwa katika bora kabisa na wengine katika wabovu kabisa.

Mfano unaotajwa sana ni wa watu wawili waliopokezana kiti. James Buchanan alikuwa ameshika karibu kila cheo: mbunge, seneta, balozi Urusi, balozi Uingereza, waziri wa mambo ya nje. Akaingia urais mwaka 1857, na kabla hajatoka majimbo ya kusini yakaanza kujitenga huku yeye akisema hana mamlaka ya kuyazuia. Wanahistoria humweka mkiani. Aliyempokea, mwaka 1861, ni Abraham Lincoln, wakili aliyekaa kwenye bunge la jimbo la Illinois na kisha Kongresi kwa kipindi kimoja tu cha miaka miwili. Huyu wanamweka juu kabisa. Watu hupenda kuutaja mfano huu kuutetea ugeni, nami hunichekesha kidogo, maana wanamtaja Lincoln mmoja na kuwasahau wale wa ncha ya pili.

Tusiudharau uzoefu kwa sababu ya Buchanan. Tazama jirani zetu wa Bagamoyo. Jakaya Kikwete, mtoto wa Msoga, alianza kama mtendaji wa chama mikoani, akawa jeshini, akawa naibu waziri mwaka 1988, Waziri wa Fedha mwaka 1994, na mwaka 1995 akaomba kuteuliwa kugombea urais akashindwa na Benjamin Mkapa. Akapelekwa Mambo ya Nje, akakaa miaka 10, kisha ndiyo akachaguliwa Desemba 2005. Februari 2008 Kenya ilikuwa inawaka baada ya uchaguzi, na Kofi Annan anahangaika kuwapatanisha Mwai Kibaki na Raila Odinga. Kikwete, ambaye ndiyo kwanza amekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, akaenda Nairobi, na tarehe 28 mwezi ule mkataba ukatiwa saini. Mtu aliyetumia miaka 10 kwenye meza za mambo ya nje hakuhitaji kutambulishwa kwa waliokuwepo mezani. Ujuzi wa aina hiyo, wa kujua nani asikilizwe kwanza na nani aachwe aseme mpaka achoke, haupatikani kwa hotuba nzuri.

Kuna na mambo madogo ambayo hayatajwi kwenye kampeni. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, bajeti ikiwa imepitishwa Juni. Uchaguzi mkuu ni Oktoba, na kiapo huja Novemba. Rais mpya basi hukuta fedha zimeshagawiwa, na miezi minane ya kwanza anaishi kwa hesabu za mwenzake. Waziri naye anaweza kutoa maagizo mpaka koo likauke, lakini afisa masuuli, anayejibu kuhusu matumizi ya wizara, ni katibu mkuu. Mwenyeji wa serikali analijua hilo. Mgeni huahidi shule na barabara kwa siku 100, kisha anagundua Desemba kwamba kasma, yaani fungu la bajeti, haina kitu.

Hapa namrudisha yule mzee na bahari yake. Meli ngeni ikikaribia kisiwa cha Ulenge, haiparamii ghuba ya Tanga hivi hivi hata kama nahodha wake ameizunguka dunia. Bandari humpelekea rubani kwa boti, anapanda kwa ngazi ya kamba, anasimama pembeni ya nahodha na kumwelekeza maana anaijua miamba. Amri inabaki kwa nahodha na dhamana ni yake, lakini nahodha mwenye akili humsikiliza rubani.

Wapo wageni wa siasa waliofika mbali kwetu, na ukiwachunguza utakuta walikuwa wageni wa siasa tu, kazi waliijua. Asha-Rose Migiro alikuwa mhadhiri wa sheria chuo kikuu; mwaka 2000 akaingia bungeni kwa viti maalumu na kuwa waziri papo hapo, na Februari 2007 akaanza kazi ya Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Philip Mpango, mchumi, aliteuliwa mbunge na Rais mwaka 2015, katika zile nafasi 10 ambazo Katiba inampa, akakabidhiwa Fedha bila kuomba kura hata moja. Machi 2021 akawa Makamu wa Rais. Kabla ya hapo alikuwa ameongoza Tume ya Mipango na kukaimu ukamishna mkuu wa mamlaka ya mapato. Miamba ya hazina alikuwa anaijua kabla hajapewa usukani.

Jioni ya pili nikarudi barazani na haya yote kichwani. Nilipomaliza kuyaeleza, mzee aliniangalia, kisha akamgeukia yule aliyekuwa akimtetea kijana kwa nguvu kuliko wote.

"Haya mwanangu, usukani hajaushika, nimekubali. Nitajie watu watatu anaowasikiliza."

Mtetezi akataja mmoja, kaka yake huyo kijana. Akafikiri. Kisha akasema atamuuliza mwenyewe Ijumaa, wakitoka msikitini.